Hodi ya Mama Kitasa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Popote ulipo, kama una kiti, kaa. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, ila sogeza redio karibu.

Leo tunamkumbuka Mama Kitasa, fundi wa vitasa. Ametutoka wiki iliyopita. Moyo wake ulisimama akiwa kibandani kwake, bisibisi ikiwa mkononi. Mama Kitasa, fundi wa vitasa, hatunaye tena.

Nianze na kitu kidogo. Ni kitu cha kwanza alichokiona mtoto mmoja wa kike, siku Mama Kitasa alipofika kwao mara ya kwanza. Mtoto huyo aliona kalamu ya risasi.

Ilikuwa nyuma ya sikio la Mama Kitasa, imechongwa vizuri. Mtoto akajua amekuja mwalimu, amekuja kuuliza kwa nini haendi shule. Akajificha nyuma ya pazia. Kumbe kalamu ile haikuwa ya kuandikia. Mama Kitasa aliikwangua kwa kisu, unga wake mweusi ukaangukia kwenye karatasi, akaupuliza ndani ya tundu la ufunguo.

"Mafuta yanakamata vumbi," alisema bila kugeuka, kama aliyejua kwamba kuna jicho nyuma ya pazia. "Unga huu haukamati kitu. Kitasa kinakuwa laini kama ulimi wa mposaji."

Mama wa mtoto alicheka, akaushika mdomo wake haraka. Mdomo ulikuwa bado na kidonda.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mnakikumbuka kibanda cha Mama Kitasa. Kilikuwa kimebanana na mashine ya kusaga. Kilikuwa chembamba hivi kwamba mteja akiingia, fundi alilazimika kusimama. Funguo zilining'inia ukutani. Mashine ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Mtu ungesema, huyu mama amekosa mahali pazuri pa kufanyia kazi? Hapana. Alipachagua. Mwanamke mwenye shida aliingia pale na kufuli la sandukuni kwake, akainama sikioni kwa Mama Kitasa, akaeleza yote. Nje hakuna aliyesikia. Walisikia mashine.

Msagishaji alikuwa mwanamume mmoja tuliyemwita Vumbi, kwa sababu ya unga uliokuwa hauishi kwenye nyusi zake. Vumbi na Mama Kitasa walikuwa na makubaliano yao. Nitayafikia.

Kwa nini fundi wa vitasa aingie katika mambo haya? Nilimuuliza kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. Akasema:

"Tulikuwa na dada yetu, ameolewa mtaa wa nyuma. Siku moja tulikwenda kumsalimia, tukakuta mlango umefungwa kwa ndani. Yeye na mumewe wako humo. Tulisikia kila kitu. Unajua tulifanya nini? Tulikohoa. Tulisimama nje, mimi na marehemu, tukakohoa, ili shemeji ajue tupo. Mimi nilikuwa na bisibisi mfukoni. Mlango wenyewe kitasa chake cha hovyo, ningekitoa kabla hujamaliza kupiga chafya. Lakini ni nyumba ya mtu. Tukakohoa."

Dada yao hakufa siku ile. Lakini sikio moja halikusikia tena, na kucheka aliacha.

Kaka anasema kesho yake mdogo wake akaja karakana, akafunga kanga kiunoni, akasema, "Kaka, nifundishe milango."

Baadaye akajiunga na kikundi cha akina mama wa mtaa. Ni kikundi kinachowasaidia waliopigwa, wajane wanaofukuzwa, na wazee wasio na mtu. Hakuna aliyepokonywa nyumba kienyeji. Kwanza afisa ustawi wa jamii anasikiliza pande zote. Polisi wanajua. Ikiamuliwa kwamba mama na watoto wabaki ndani, na baba akae mbali nao, ndipo anaitwa fundi kubadilisha kitasa. Kabla ya jua kuzama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Kitasa.

Na kila alipomaliza, alikuwa na zoezi lake. Alimkabidhi mwanamke ufunguo, akatoka nje na kusema, "Haya, nifungie nje."

Mwanamke akafunga. Mama Kitasa akapiga mlango kwa ngumi, sauti nzito ya kiume.

"Fungua! Nimesema fungua! Ni nyumba ya nani hii?"

Mwanamke alitakiwa kujibu, "Sifungui." Neno moja. Wengi walicheka mwanzoni. Halafu neno likakwama. Wapo walioshika ufunguo na kuanza kufungua, kwa mazoea tu, huku wanasema samahani. Mama Kitasa akarudia. Akarudia tena. Hakuchoka.

Sifungui ikishatoka, alishusha ngumi. Halafu akagonga polepole kwa kidole, kwa sauti yake mwenyewe. "Hodi."

Hapo mwanamke alichagua. Akitaka, anasema karibu. Asipotaka, anasema leo hapana. "Ukisema leo hapana sinuni," alikuwa akiwaambia. "Nachukua mkoba wangu naenda. Mlango ni wako."

Siku ile, kwenye nyumba ya yule mtoto wa nyuma ya pazia, mama alifanya zoezi akafaulu. Mama huyu alikuwa dobi wa hospitali, mikono yake imezoea kukamua mashuka. Alisema sifungui mpaka majirani wakachungulia. Kisha Mama Kitasa akasema, "Na mtoto mkubwa je? Mama akiwa kazini, mlango unabaki na nani?"

Ulibaki na yule mtoto. Ndiyo maana shule alikuwa ameiacha. Alikuwa analea wadogo zake wawili.

Alisogea mlangoni. Mama Kitasa akanguruma nje. Mtoto hakujibu. Akanguruma tena. Kimya. Akabadilisha sauti. "Hodi." Kimya.

"Jamani, humu ndani kuna mtu au nimefungia paka?"

Wadogo zake walicheka hadi wakakaa chini. Yeye hakuweza. Alikuwa mtoto wa namna hiyo. Hata salamu aliijibu kwa kichwa.

Mama Kitasa hakumlazimisha. Alimwita kwenye tundu la ufunguo. "Basi wewe ni Bi Kimya. Sikiliza, Bi Kimya. Kama mdomo haufanyi kazi, mikono ifanye. Ukishafunga, usitoe ufunguo. Uache ndani ya tundu, umegeuzwa nusu. Ukikaa wima, mtu wa nje anausukuma unaanguka. Ukiwa nusu, hauendi mbele wala nyuma. Umenielewa?"

Mtoto akatikisa kichwa, ingawa mlango ulikuwa katikati.

"Vizuri. Na hodi yangu naiacha hapa hapa mlangoni. Siku ukitaka kuijibu, itakuwepo. Hodi haiozi."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nifike kwenye kosa. Mama Kitasa hakupenda lifichwe, nami sitalificha.

Vitasa vipya vilikuwa ghali, na kikundi hakikuwa na kitu. Basi Mama Kitasa alibuni njia. Kukiwa na nyumba mbili zinazohitaji vitasa, alivibadilisha. Cha nyumba hii alikipeleka ile, cha ile akakileta hii. Wanawake wawili wakabadilishana funguo. Waume wakabaki na funguo zao za zamani, ufunguo wa kila mmoja haufungui tena mlango wake. Rahisi. Na muda mrefu ilifanya kazi.

Kitasa cha nyumba ya dobi kilitoka kwa mwanamke muuza mkaa, mwisho wa mtaa. Cha dobi kilikwenda kwa muuza mkaa. Mama Kitasa aliuliza kila kitu kuhusu milango ile. Inafungukia wapi, mbao gani, bawaba ngapi. Hakuuliza waume wanafanya kazi wapi.

Walikuwa wanafanya kazi pamoja. Kwenye tanuru moja la matofali.

Siku moja mchana, wakati wa mapumziko, mmoja alilalamika. Haya aliyasimulia mwenyewe baadaye mbele ya afisa ustawi. Alisema, "Ufunguo wangu siku hizi haufungui hata tundu la panya."

Mwenzake akasema, "Wa kwangu pia. Kuna mama mmoja amekuja na mabisibisi yake."

"Yule wa mashineni?"

"Huyo huyo."

Walitazamana. Kisha wakabadilishana funguo.

Muuza mkaa alikuwa kwenye genge lake, ng'ambo ya barabara, mikono myeusi hadi viwikoni. Akamwona mumewe anafika mlangoni, anatia ufunguo, anazungusha, anaingia. Hakuvunja. Aliingia kama mtu anayerudi kwake. Mwanamke akaacha mkaa na mizani, akakimbia mpaka kibandani.

"Umeniwekea kitasa gani?" Ilibidi apige kelele kuishinda mashine. "Ameingia! Ana ufunguo!"

"Amevunja?"

"Nakwambia ana ufunguo!"

Vumbi anasema aliuona uso wa Mama Kitasa ukibadilika. Alikuwa ameelewa kabla ya mwenzake kumaliza kusema. Ufunguo unaofungua nyumba ya muuza mkaa ni ule wa mume wa dobi. Kama mume wa dobi ameutoa, basi amepewa mwingine badala yake. Na mlango wa dobi muda huo ulikuwa na watoto watatu nyuma yake, mkubwa wao Bi Kimya.

Alimwambia muuza mkaa, "Usirudi nyumbani. Kaa hapa hapa." Akachukua koleo. Akamgeukia Vumbi, akapitisha kiganja shingoni, hivi, kama mtu anayekata kitu.

Vumbi akazima mashine.

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao. Mashine haikuzimwa mchana, hata foleni ikiisha. Ikinyamaza kabla ya jioni, kila mwanamke wa kikundi anajua kuna mlango unaohitaji watu. Anachofanya anakiacha. Sufuria iungue, nguo zibaki kwenye povu.

Mtaa mzima ukawa kimya.

Bi Kimya alikuwa sakafuni, anamlisha mdogo wake uji. Akasikia mashine imezimika. Halafu, kwa sababu ya ukimya ule, akasikia viatu. Alivijua. Kila mtoto wa nyumba ya namna ile anavijua viatu.

Aliwasukuma wadogo zake chini ya kitanda. Akaenda mlangoni. Ufunguo ulikuwa ndani ya tundu, umegeuzwa nusu. Akaushika kwa mikono miwili.

Ufunguo mwingine ukaingia kutoka nje, ukagonga wa ndani. Ukarudi nyuma. Ukagonga tena.

"Fungua," baba yake alisema. Sauti haikuwa kubwa. Wanaojua wanajua, ile isiyo kubwa ndiyo mbaya. "Najua uko humo. Mwanangu, fungua, nimekuja kuchukua nguo zangu tu."

Chuma kikakwangua chuma. Alitaka kusema neno alilofundishwa. Halikutoka. Akashika tu.

Ndipo zikasikika pumzi. Pumzi za mtu mzima aliyekimbia, tena mnene. Halafu kitu kizito kikaegemea mlango kwa nje, mbao zikalia.

"Shemeji, habari za kazi? Ngoja nikae kidogo, umri umekwenda."

"Toka mlangoni."

"Natoka. Niache nipumue kwanza."

"Mimi si shemeji yako."

"Basi mteja wangu. Ufunguo unakusumbua? Lete nione."

Wasikilizaji wapendwa, sijui kwa nini aliutoa. Kaka wa marehemu anasema ni mazoea. Fundi akisema lete nione, mkono wa mtu unatoa wenyewe. Mama Kitasa akaupokea, akautia kwenye koleo, akaukunja mara moja. Ukawa umepinda kabisa.

"Hii sasa ni ndoana," alisema. "Kavue samaki."

Mlangoni palikuwa na nusu tofali la kuzuilia ndoo ya maji. Mkono wa kushoto wa Mama Kitasa ulikuwa umeshika kitasa kwa nje, ili asivutwe. Mwanamume akalichukua lile tofali. Akapiga pale pale, kwenye vidole.

Bi Kimya aliusikia mlango. Akamsikia Mama Kitasa akiguna, kama mtu aliyebeba gunia. Kitasa kilitikisika. Lakini mkono wa nje haukuachia. Na wa ndani haukuachia.

Akanyanyua tofali mara ya pili.

Wakafika. Akina mama wa kikundi walitoka vichochoroni, wengine na povu mikononi, mmoja na mwiko. Nyuma yao Vumbi, mweupe wa unga kama aliyefufuka. Wakafika na majirani wa karibu, wale wale ambao miaka yote walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Walisimama kumzunguka. Hawakumgusa. Jirani mmoja, mzee, ndiye aliyesema, "Weka chini, mwanangu. Tunakuona."

Siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, hakuna aliyekohoa.

Aliweka tofali chini. Polisi walimkuta amekaa karibu nalo. Mwenzake walimkuta nyumbani kwa muuza mkaa, amekwisha kuchana magodoro.

Watu wakataka kumpeleka Mama Kitasa hospitali. Akasema, "Ngojeni." Akageuka, akagonga mlango kwa mkono mzima.

"Hodi, Bi Kimya. Ni mimi."

Ndani kimya.

"Wamemchukua. Ameondoka. Lakini usifungue kama hutaki. Hata mimi usinifungulie. Kitasa hakimjui mwema wala mbaya. Anayejua ni wewe."

Akakaa kizingitini, mgongo kwenye mlango, mkono ulioumia umefungwa kwa kanga. Akaanza kuwasimulia watoto hadithi za milango kupitia tundu la ufunguo. Aliwasimulia bwana arusi aliyejifungia chooni siku ya harusi yake. Aliwasimulia mbuzi aliyemeza ufunguo wa msikiti, mji mzima ukawa unamfuata nyuma, unasubiri. Wadogo walicheka chini ya kitanda. Bi Kimya hakufungua, wala hakujibu. Alikaa naye akaegemea mlango kwa ndani, mgongo wake ukiwa sawa na mgongo wa nje. Alisikia joto lake kupitia mbao. Wakakaa hivyo mpaka dobi alipopewa habari, akaja mbio na sare ya kazini.

Ndipo Mama Kitasa akaenda hospitali. Vidole viwili vya kushoto havikukunjika tena.

Bandeji ikiwa bado mpya, alikwenda kwa muuza mkaa. Halafu kwa dobi. Alisema maneno yale yale kote: "Kosa ni langu. Nilibana matumizi nikasahau watu." Tangu hapo hakubadilisha tena vitasa. Vilivyotolewa alivivunja kwa nyundo. Aliuza cherehani yake, akanunua vipya.

Binti yake anasema nyumbani alikuwa hivyo hivyo. "Mama alikuwa anabisha hodi hata chumbani kwetu, sisi aliotuzaa. Tukiwa wadogo tulikuwa tunamwambia leo hapana, kwa utani tu. Anaondoka kweli! Inabidi tumfuate jikoni kumbembeleza."

Na Bi Kimya? Mama Kitasa alipita pale miaka yote. Kila akipita alibisha. "Hodi, Bi Kimya." Akasubiri kidogo. Kimya. "Haya, haiozi." Akaenda zake. Ikawa mchezo wao. Mtoto akakua, akawa msichana, bado anajibu kwa kichwa.

Siku moja Mama Kitasa aliitwa kutengeneza mlango wa kituo kidogo cha redio ya jamii. Akamchukua Bi Kimya amshikie skrubu. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa na magodoro, mlango mzito. Mama Kitasa akaufunga na kuufungua, akasikiliza. Akacheka.

"Umeona maajabu haya, Bi Kimya? Mlango ukifungwa huu, ndiyo sauti inatoka. Chumba chako hiki."

Wasikilizaji wapendwa, chumba chenyewe ndicho hiki. Mlango alioutengeneza uko mbele yangu ninavyosema nanyi. Hautoi mlio hata kidogo. Aliutilia unga wa kalamu ya risasi.

Kwa kaka yake, kwa binti yake na wadogo zake, kwa akina mama wa kikundi, na kwa Vumbi, ambaye siku ya mazishi alizima mashine tangu asubuhi: poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mama Kitasa, fundi wa vitasa, amelala.

Nawe unayesikiliza, jioni hii mtaa utakapotulia, sikiliza. Kama kuna nyumba ambayo huwa unapita unakohoa, jiulize unakohoa nini. Na kama wewe ndiye uliye ndani, na neno halitoki, shika ufunguo. Kuna watu watakuja. Ofisi ya ustawi wa jamii ipo, kikundi kipo, na kibanda cha mashineni binti yake amekifungua jana.

Wiki nzima hii nimekuwa nikikaa nyumbani jioni, mgongo mlangoni. Nasikiliza. Sijui nasubiri nini. Alibisha hodi kwangu kwa miaka, nami sikumjibu hata mara moja, na hakununa.

Haiozi, alisema. Basi na iwe bado ipo pale.

Karibu, Mama. Karibu ndani.